Fundi Aliyeliondoa Gari Mstarini

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa karakana yetu ya magari ya mashindano atavua ovaroli baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Sote tunamwita Mjomba Tabo, jina la kile kifaa kinachoipa injini pumzi ya ziada. Alilipata kwa utani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Alianza kwa kuosha vipuri kwenye beseni la dizeli. Mwaka wa tatu alikabidhiwa injini, akaitoa kwenye nguvu za farasi 140 na kuifikisha 212 bila kuiua. Gari lenyewe alilipunguza kilo sitini na mbili: aling'oa viti vya nyuma, mazulia, redio na, bila kumwuliza mtu, kiyoyozi. Mkurugenzi, aliyekuwa akirudi nalo nyumbani, aligundua siku ya joto kali.

Kila bolti aliyoikaza aliichora mstari wa rangi nyekundu ya kucha kutoka kabati la mkewe. Mstari ukikatika, bolti imelegea; usipokuwepo, haijakazwa. Mkewe, tunayemwita Shangazi, alilalamika kwamba magari yetu yanapendeza kuliko yeye.

Msimu wake wa kumi na tisa, katika mbio za mwisho, dereva wetu tunayemwita Dada Kona alihitaji kumaliza ndani ya tatu bora tu atwae kombe. Dakika nne kabla ya kuanza, Mjomba Tabo alishtuka. Asubuhi ile rangi ilikuwa inakaukia chupani, kwa hiyo alichora kwanza bolti sita za usukani, akakusudia kuzikaza baadaye, kisha akaitwa kwenye ukaguzi wa matairi. Je, alirudi akazikaza? Hakukumbuka, na mistari ilikuwepo yote.

Alitembea, kwa mwendo wake ule ule, hadi kwa mwanzishaji wa mbio, akaomba gari liondolewe mstarini, maana dakika zilizobaki hazikutosha kulifungua na kukagua.

Bolti zote sita zilikutwa zimekazwa barabara. Kombe likaenda kwa wengine. Dada Kona alimwambia mbele ya karakana nzima: "Mjomba, umezeeka, nenda nyumbani ukalee wajukuu." Mkurugenzi aliandika barua ya kumwachisha kazi. Ilibaki sahihi tu.

Siku tatu baadaye Dada Kona aliitwa ofisini achague fundi mpya. Alisema hataki fundi mpya. Anamtaka yule aliyethubutu kusema hakumbuki, maana shingo iliyokuwa ndani ya gari lile ilikuwa yake. Barua ikachanwa.

Tangu hapo fundi mmoja hukaza, mwingine hukagua na kuchora. Misimu kumi na miwili imepita, na hakuna gari letu lililotoka mashindanoni kwa bolti kulegea. Kombe tumelichukua mara mbili.

Katika miaka yote hiyo Mjomba Tabo amekataa kupanda gari likiendeshwa na Dada Kona, akisema anajua mno anavyokata kona. Ijumaa Dada Kona ndiye atakayempeleka nyumbani. Mjomba amekubali, kwa sharti la mwendo usiozidi kilomita hamsini kwa saa.

Tunakushukuru, Mjomba. Fika salama, na uishi miaka mingi bila kulazimika kulala chini ya gari la mtu.