Mashahidi Wawili wa Mary

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja wa mkaratusi juu ya mawe mawili, nyuma ya ghala la mahindi, hatua chache kutoka stesheni ya Sisibo, kama wenyeji walivyouita mji wa Eldoret. Jumamosi ile ya Julai 1953 ukungu ulikataa katakata kuondoka. Ghala, reli na miti vilielea tu, ungedhani Mungu bado hajamaliza kuiumba nchi hii. Wateja watatu wa kila siku walikuwa wameketi, vikombe mkononi, ila mwenye benchi hakuwapo. Mary, muuza kahawa, alikuwa amechukuliwa alfajiri na askari pamoja na Wakikuyu wengine wa mjini, akafungiwa ndani ya uzio wa waya kule stesheni, na saa nane treni ingewapeleka mbali. Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali kwa ajili ya Mau Mau, haikujali nani anachemsha kahawa na nani anachemsha fitina. Tumaini lilikuwa moja: mashahidi wawili wa kabila jingine, wanaomjua vizuri, waandike fomu ya kumwombea abaki kabla ofisi haijafungwa saa sita. Nelima, mpangaji mwenzake Mary, alikwenda kuichukua fomu hiyo, na aliwaomba wale watatu wamngoje hapohapo.

Basi wakangoja, na mdomo wa kungoja haukai bure.

Kipyego, mpima magunia pale ghalani, aliitwa Gavana kwa kuwa kila wazo lake lilianzia ikulu. Alikuwa na moyo laini na kichwa kinachopaa, na asubuhi hiyo alikuwa na hofu, kwa hivyo kikapaa zaidi.

— Mimi ningekuwa Gavana, alisema, singefukuza mtu. Ningeita kila kabila, tukae chini, tuongee mpaka maneno ikwishe.

— Maneno haiishi, alijibu Bama, aliyepigana vita vya Burma na kurudi na goti moja bovu. Mimi nimeona mataifa ikipigana. Dawa ni handaki. Weka wakubwa wote ndani, wazungu na weusi, mvua inyeshe siku tatu. Siku ya nne wataandika amani hata na makaa.

— Na wakikataa?

— Ongeza mvua.

Wa tatu aliitwa Redio. Alisikiliza habari mlangoni pa duka la Mhindi, na alichokosa kusikia alikijaza mwenyewe. Alieleza kwa kirefu kwamba huko Ulaya mataifa hukutana kwenye meza ya duara, maana meza isiyo na pembe haina mkubwa, na kwamba kabla ya kikao kila mjumbe hunyweshwa maziwa moto ili hasira ilale.

— Lakini sisi tuko na ufa, aliendelea. Na wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ufa tuuache. Ukuta tutapata bure.

— Ukuta wa nini? aliuliza Bama.

— Wa usalama. Si ndiyo serikali inatafuta?

Bama alifikiri, akakubali kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na kwa hivyo kila mtu apewe zizi lake na bendera yake. Redio akataka mazizi hayo yawe na bunge. Kipyego hakuwasikiliza tena. Katika ukungu ule aliiona nchi yake, wazi kabisa. Kila mtu angeishi mwaka mmoja nyumbani kwa kabila jingine. Mnandi angelima migomba ya Mkisii, Mbukusu angechunga mbuzi wa Mturkana, na askari, kwa kukosa kazi, wangefuga nyuki kutoka Turbo hadi Ainabkoi. Pembezoni mwa nchi hiyo Mary alikuwa akisuuza vikombe kwa maji moto kabla ya kumimina, kama kawaida yake. Ilikuwa nchi tamu mno, hata Kipyego akasahau waya wa stesheni. Alipoukumbuka, aliona haya.

Nelima akatokea kwenye ukungu, anahema, karatasi kifuani. Hakuwahi kuketi hapo hata mara moja. Jumamosi zake zote alikuwa akifua nguo za wazungu.

— Shikamooni. Ni saa tano na nusu. Nani ataandika?

— Sisi wote, alisema Kipyego, na alimaanisha.

— Asante, baba. Wanataka jina lake kamili na la baba yake. Mary wa nani?

Kipyego alimtazama Bama, Bama akamtazama Redio.

Si kwamba walikuwa watu wabaya. Miaka ya kipande, kile cheti ambacho Mwafrika alilazimika kutembea nacho shingoni, askari aliweza kukusimamisha mara nne kwa siku: jina lako, la baba yako, la chifu wako. Mary alipofungua benchi alisema hapa hakuna askari, hakuna wa kuulizwa jina. Mtu ataitwa vile anavyokaa machoni petu. Walimpenda kwa hilo. Kwa miaka saba walipumzika hapo kutokana na majina yao, na yeye wakamwita Mama Kahawa.

— Mimi nilihamia juzi tu, alisema Nelima. Nilidhani nyinyi mnamjua.

Redio alianza kujaza jina mwenyewe, akajizuia.

— Nitakimbia kwa waya nimuulize, alisema Kipyego.

— Nimetoka huko. Hawaruhusu mtu karibu. Na karani amesema shahidi asiulize. Anayemjua mtu anajua.

Kipyego akachukua kalamu, akaiweka karatasi gotini. Kwenye nafasi ya shahidi aliandika Kipyego arap Leting, na wale wawili wakasoma jina lake kwa mara ya kwanza. Akashuka mstari wa pili, wa jina la Mary na la baba yake, kalamu ikasimama. Alijua kikohozi cha Mary cha asubuhi. Alijua anavyocheka kabla hujamaliza kisa, na kwamba mwezi ule mtoto wa Kipyego alipougua, Mary alifunga benchi siku mbili akaenda kumuuguza. Alimpenda kama dada wa tumbo moja, na hilo angeliapa mbele ya mzungu yeyote. Fomu haikuuliza hilo.