Bi Mteremko na Abiria Wake wa Kilo Sitini

Wasifu huu ulipaswa kutoka katika jarida la mwezi uliopita. Naomba radhi kwa wasomaji, na kwa mhusika mwenyewe. Mtoto wangu anaota meno, na kila nilipoishika kalamu naye alikuwa anaitaka. Tena, nisifiche, nilikuwa navuta siku: nikishaandika kwamba ameondoka, basi ameondoka kweli.

Ameondoka. Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, mkaguzi mwandamizi wa mabasi ya abiria, ambaye idara nzima inamjua kwa jina la Bi Mteremko, alistaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi.

Aliingia akiwa karani wa kupiga chapa. Alihamia ukaguzi baada ya kuona kwamba ripoti anazochapa zinayasifu mabasi yaleyale yanayomchania sketi kila asubuhi. Siku hizo kukagua basi kulikuwa kutazama breki, taa na honi. Abiria atapandaje, hiyo ilikuwa shauri yake na miguu yake.

Ikaja sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Serikali ikaagiza kila basi jipya la umma liwe na ubao wa kupandishia viti vya magurudumu, nafasi ya kiti hicho ndani, na sauti ya kuwatajia vituo wasioona. Yakaletwa mabasi mawili ya majaribio, alama ya kiti inang'aa mlangoni, na watu wakapiga makofi.

Wiki ya pili akafika ofisini fundi cherehani mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Mlinzi akamwambia aketi asubiri. Akajibu kwamba kuketi ameshaketi miaka yote, anachotaka ni kusikilizwa. Ubao ulikuwa na mwinuko mkali kama paa la nyumba. "Leo nimebebwa na watu wawili kama gunia la mkaa," alisema, "na nauli nimelipa ya mtu."

Bi Mteremko hakuandika barua. Alishuka stoo, akajaza mchanga kwenye gunia mpaka mizani ikasoma kilo sitini, akalifunga kwenye kiti cha magurudumu. Tangu siku hiyo hakuna basi lililopata saini yake kabla gunia halijapanda na kushuka, likisukumwa na mtu mmoja, bila kunyanyuliwa. Mlinzi akalivika kofia na kuliita Shemeji. Kwa miaka kumi na mmoja Shemeji alikaa kando ya meza ya Bi Mteremko. Hakuchelewa, hakuomba ruhusa, hakumsengenya mtu.

Walioshuhudia siku ya kukabidhiwa mabasi kumi na mawili hawachoki kuisimulia. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na haraka: wageni wameketi, utepe umefungwa, mkasi uko kwenye sinia. Karatasi zimekamilika, mama, saini tu. Bi Mteremko akamwomba, kwa adabu zote, ampandishe Shemeji. Bosi akakunja mikono ya shati. Katikati ya ubao kiti kikagoma, kikarudi nyuma, na mheshimiwa akajikuta chini, kampakata Shemeji mbele ya mgeni rasmi. Halafu akaanza kucheka mwenyewe, na uwanja mzima ukapasuka. Utepe ukakunjwa, ukarudishwa kabatini.

Wiki saba baadaye mabasi yalirudi na mbao ndefu zaidi. Abiria wa kwanza alikuwa yule fundi cherehani. Alijisukuma mwenyewe, akamtoa kondakta njiani, akalipa. "Hii sasa ndiyo ya mtu." Alifika kazini mapema mno hata akakuta duka halijafunguliwa.

Mimi nilikuja miaka mitatu iliyopita, nikapewa kiti cha pili mezani kwake. Kila sentimita ya kimo cha mlango inadai sentimita nane za urefu wa ubao: aliirudia mpaka nikaiota. Alipimia kwa ufito aliouwekea alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Ukimkuta kituoni amechuchumaa anapima ukingo, usimwamkie, utamvurugia hesabu. Nilipokuwa na mimba ya miezi minane alinipandisha ngazi za basi moja la zamani, akaniuliza goti linasemaje. Nikasema linalia. "Umeona, mwanangu? Ngazi ndiyo yenye ulemavu." Akaandika.

Leo mabasi mia moja na arobaini yako barabarani, na yote Shemeji ameyapanda.

Kosa letu ni moja. Siku ya kumuaga, mizigo yake ilipakiwa kwenye gari: zawadi, vyungu vya maua, na Shemeji, maana kila mtu alidhani ni mali yake. Tunasikia sasa anakaa sebuleni, wajukuu wamemvalisha miwani, na mzee wa nyumba alimkaribisha chai siku mbili mfululizo.

Tungecheka tu, lakini mabasi mapya ishirini na nane yanaingia Jumanne ya tarehe ishirini na tano, na kalamu nimekabidhiwa mimi. Msambazaji ameshaandika barua kuuliza: kwa kuwa mama amestaafu, je, karatasi hazitoshi? Nimemjibu kwa neno moja. Hazitoshi.

Asante, mama. Lala mpaka jua likukute kitandani, na kila mlango utakaoufikia uwe sawa na miguu yako. Ila kabla ya Jumanne hiyo tunaomba ututumie: Shemeji na kiti chake, magurudumu yakiwa na upepo (miwani wajukuu wabaki nayo), ufito wenye rangi ya kucha, daftari la jalada la bluu, lenye vituo kumi na tisa ambavyo ukingo wake bado haujashushwa, na wewe mwenyewe, saa moja tu, uketi kwenye benchi la karakana umempakata mwanangu. Kumsukuma Shemeji nitahitaji mikono yangu yote miwili.