Nani Alimpikia Abneri Tolman?

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnaosubiri kivuko cha Kamanga na ninyi wa Buhongwa mnaosonga ugali, hamjambo? Punguzeni moto kidogo, vuteni vigoda. Jioni hii tunamkumbuka Mwalimu Getruda Ng'washi. Alifariki Jumanne, tukamzika Alhamisi kule Buswelu. Mwalimu Getruda Ng'washi. Lishikeni jina hilo.

Wengi mlimjua kwa ukali wake. Na alikuwa mkali kwelikweli, nani abishe? Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwona anakuja navuka barabara. Lakini wachache mnajua kwamba mwanamke huyu alibishana kwa barua na msahihishaji wa Uingereza, miaka mitatu, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

Turudi mwaka 1958. Getruda ana miaka ishirini na minane. Anafundisha darasa la kwanza hapa Mwanza, shule iliyo karibu na ziwa. Siku hizo wasichana wa shule ile walifika darasa la nne, basi, wakarudi nyumbani. Darasa la tano la wasichana halikuwepo, kwa sababu hakukuwa na mwalimu wa kike mwenye cheti. Mwalimu mkuu, Bwana Venant, alimwambia wazi: "Niletee cheti, mimi nikupe darasa." Shikeni hapo, wasikilizaji. Hakuna cheti, hakuna darasa la tano.

Getruda akajiandikisha masomo ya posta kwenye chuo kimoja cha Uingereza. Kazi ya mwisho ilikuwa insha ndefu juu ya mwandishi mmoja: maisha yake, waliomwathiri, na imani yake. Akapangiwa Mmarekani aitwaye Abneri Tolman, aliyekufa miaka mingi nyuma. Tolman alikuwa mhubiri. Akakosana na kanisa lake, akaacha mimbari. Akasoma vitabu vitakatifu vya Wahindi, vikambadilisha. Akahamia kibandani msituni. Akaandika kwamba roho ya Mungu imo ndani ya kila mtu, imo kwenye mti na kwenye maji, ila mtu hataiona mpaka akae peke yake.

Peke yake! Hapa Mwanza! Haya.

Getruda hakuwa mtu wa kusoma juujuu. Alisema hawezi kuandika jambo ambalo hajalijaribu. Basi kila akitoka shule anakwenda kwenye majabali ya ufukweni, anajitanda khanga kichwani kwa sababu ya jua, anakaa kimya na kitabu mapajani. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hata pimbi wa pale wakamzoea.

Siku ya nne akaona wanawake wanakuja na majamvi, kuni, unga, na kapu la michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Mbele yupo bibi Kashindye, jirani yake. Nyuma yupo Bi Moza, muuza maandazi. Wakatandika majamvi, wakaketi. Bibi Kashindye akamshika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Pole, ng'wanawane. Pole, mwanangu. Nani ametutoka?"

"Shikamoo, bibi. Hakuna aliyekufa."

"Marahaba. Usitufiche. Siku nne umejitanda khanga, uko peke yako, unatazama maji. Mtu mwenye akili zake anakaa hivyo kwa raha?"

Getruda akataka kucheka, akaona haya. Akajieleza kwamba anasoma habari za mzee mmoja. Amekufa, ndiyo, lakini zamani sana, tena Marekani.

"Si ndiye huyo!" akasema Bi Moza. "Ulikuwa unazunguka nini? Marehemu ni marehemu. Tupe habari zake."

Basi akawapa, na wao wakasikiliza kama tunavyosikiliza wasifu msibani. Alipofika kwenye roho iliyomo majini, bibi Kashindye akatikisa kichwa, akasema hilo hata babu zake walilijua. Alipofika kwenye kibanda, Bi Moza akamkatiza.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Huyo bwana huko msituni, nani alimpikia?"

Mwalimu akakipekua kitabu chake, jibu halimo. Hakujua.

Binti yake, Justa, ametuambia: "Mama alisema hajawahi kuaibika vile. Amesoma kitabu mara mbili, na swali la kwanza la jikoni limemshinda."

Getruda akaandika insha yake. Akaandika kwamba Tolman hakueleza yote, na kwamba mtu anayemtafuta Mungu peke yake huwa anabebwa na watu asiowataja. Akawaandika na wanawake wa majabalini. Mwaka 1959 insha ikarudi na wino mwekundu. Amefeli. Msahihishaji aliandika: "Maneno ya majirani si ushahidi. Waondoe wanawake hawa, ulete upya."

Bwana Venant akamsihi. "Ukurasa mmoja tu, mwalimu! Futa ukurasa mmoja, mabinti wapate darasa."

"Nikifuta ninachokijua ili niruhusiwe kufundisha," Getruda akamjibu, "nitaingia darasani kuwafundisha nini?"

Wasikilizaji, msidhani alipigiwa makofi. Mwaka ule wasichana walirudi nyumbani. Mwaka uliofuata wakarudi wengine. Wazazi walimnunia. Wengine walisema ana kiburi, anawachezea watoto wa watu. Na lile liliumiza, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Justa anasema mpaka uzeeni mama yake aliyajua majina ya mabinti kumi na tisa walioondoka katika miaka ile miwili, na alikuwa akiyataja katika sala.

Lakini hakufuta. Wameomba ushahidi? Watapata ushahidi. Akaichukua shajara ya Tolman, kumbukumbu alizoandika kila siku, kurasa mia nne, akaanza upya na kamusi. Kila alasiri alisoma pale pale ufukweni, huku wanawake wanaanika samaki. Akikuta mkate, anaandika. Akikuta maziwa, anaandika. Bi Moza kila akipita anauliza: "Mpishi amepatikana?"

Akapatikana. Alikuwa mjane mmoja, jirani, aliyemletea mkate na maziwa na kumwashia moto. Tolman amemtaja mara thelathini na saba, na hata mara moja hakuandika jina lake. Kisha Getruda akaona jambo kubwa zaidi. Kuna siku kumi na mbili ambazo mjane yule alikuwa mgonjwa, hakufika. Siku hizo zote kumi na mbili, Tolman hakuandika neno hata moja juu ya Mungu. Aliandika juu ya njaa.

Getruda akairudisha insha ile ile, na wanawake wale wale, na hesabu ya kurasa imeambatishwa. Jibu likaja Novemba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Amefaulu. Chini msahihishaji aliongeza kwa mkono wake: "Nimefundisha vitabu vya Tolman miaka ishirini. Swali hili sikuwahi kuliuliza."

Januari 1962, darasa la tano la wasichana likafunguliwa. Wanafunzi kumi na mmoja, mwalimu mmoja, cheti ukutani.

Kwako Justa, wajukuu, na ukoo wote wa Ng'washi kule Buswelu, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe mwalimu wetu mahali pema.

Na ninyi wasikilizaji, naomba tutafakari jambo moja. Mmoja wa wale kumi na mmoja ni mimi, Sihaba, ninayezungumza nanyi. Miaka yote hii nimekula kwa sauti hii, na nyumbani kwake ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda kumwona. Nilisema nitakwenda Jumapili, halafu Jumapili nyingine. Mwalimu wako kama yu hai, usinisikilize tena. Zima redio, uende.