Beseni la Bi Hamira

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, Bi Hamira anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na minne katika jiko la mikate la hospitali yetu. Msimamizi alitaka wasifu huu autunge karani. Nikasema karani hajawahi kukanda naye unga hata siku moja. Kwa hiyo maneno ni yangu, mwandiko ni wake.

Mimi na Bi Hamira tuliajiriwa asubuhi moja, tukapewa meza moja na mabeseni mawili ya mbao yaliyochongwa na fundi mmoja. Unga ule ule, hamira ile ile. Lakini mkate wake uliumuka kama shavu la mtoto aliyeshiba, wangu ukanuna kama mkwe aliyenyimwa kiti. Ndipo wauguzi wakambandika jina hilo la Hamira. Mimi hawakunibandika lolote.

Bi Hamira hukanda huku akisimulia Torati. Husema Mungu aliwaahidi wanaomtii kwamba baraka zitawakimbilia mpaka ziwapate: mjini na shambani, wakiingia na wakitoka, uzao wao, mifugo yao, hadi kapu na beseni la kukandia unga. Hapo kwenye beseni ndipo roho ilipokuwa ikiniuma. Nami nilifunga, nilisali, nilifika kazini jogoo hajawika. Mbona baraka zikifika mezani petu zilinipita mimi zikaenda kwake? Watoto wake wanne humpokea langoni kwa zamu. Magoti yake hayajui dawa ya kuchua. Hata mgonjwa asiye na hamu ya kula alikuwa akiuliza, "Huu kaoka nani?" kabla ya kuumega.

Kijicho hakina haya. Miaka kumi na tisa iliyopita, alipokwenda kunawa, nilitia konzi ya pili ya chumvi katika beseni lake. Donge likalala kama jiwe, na wodi zote zinasubiri kifungua kinywa. Msimamizi wa wakati huo alipofoka, Bi Hamira alisema, "Mikono ni yangu, kosa ni langu." Kisha akanigeukia: "Shoga, nigawie wako, tukate vipande vyembamba." Siku hiyo hospitali nzima ilikula mkate wangu walioununia miaka yote, na hakuna aliyekaa na njaa.

Hakuniuliza kitu. Ila tangu hapo, kila asubuhi, huonja donge lake kabla ya kulifunika, hunitazama, husema, "Liko sawa, shoga." Ninyi mlidhani ni mazoea ya kazi. Alijua! Na hakulisogeza beseni lake mbali nami hata shubiri moja.

Basi mbele yenu nyote: shoga, chumvi ile niliitia mimi. Nisamehe kabla hujavuka lango. Nilidhani kutii ni kuwahi kuamka, kumbe wewe ulitii pale uliponyamaza. Na hata hilo nakuonea wivu.

Tunakushukuru kwa kila mkate. Nenda salama, ule raha na wajukuu, magoti yasikuangushe. Ubarikiwe unapotoka, nami unibakishie baraka ya kuingia, maana kesho alfajiri niko peke yangu pale mezani, na sina tena wa kumwonea wivu.