Nguvu ni Ileile

Assalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Fundi Chande wa Msambweni, msuka nyaya za mota zilizoungua, aliyetangulia mbele ya haki wiki iliyopita.

Bintiye, Muhsina, amekulia katika karakana ile. Anakumbuka gunia. Gunia la mchanga, zito kama mtu. Kila mota iliyotengenezwa, Chande aliifunga kwenye winchi, mtambo wa kuvuta kamba, ikalipandisha gunia lile. Likifika juu, alilisemesha kwa upole: "Karibu juu." Muhsina alidhani baba anafanya mzaha. Kumbe!

Miaka mingi nyuma, huko Jego, kisima kilikuwa kikichimbwa. Mota ya winchi ikaungua, Chande akaleta nyingine. Akasoma kibati chake cha maelezo: volti zilezile, wati zilezile. Mchimbaji, Menza, akamuuliza, "Fundi, hii itanivuta?"

"Teremka bila wasiwasi, ndugu yangu. Nguvu ni ileile."

Wasikilizaji wapendwa, neno hilo nguvu lina sura mbili. Wati ni kasi na msokoto, yaani ule uwezo wa kuzungusha mzigo, kwa pamoja. Mota mpya ilizunguka kwa kasi mara mbili, basi msokoto wake ulikuwa nusu. Narudia: wati zilezile, kasi maradufu, msokoto nusu. Chande hakutazama mizunguko kwa dakika pale kwenye kibati.

Kushuka hakuhitaji nguvu, Menza akashuka. Maji yakapasua ukuta wa kisima. "Vuta, fundi, vuta!" Mota ikanguruma, haikuzunguka. Watu wakashika kamba, winchi ikakaza, isivutike kwa mikono. Chande akabadilisha puli, yale magurudumu ya mkanda, ndogo kwenye mota, kubwa kwenye winchi, ili apunguze kasi apate msokoto. Sauti ya Menza kule chini ilikatika kabla hajamaliza. Kamba ikapanda polepole, Menza akatokea, mikono imeng'ang'ania, macho wazi. Inasikitisha mno.

Tangu siku hiyo, Chande hakutamka tena neno nguvu.

Juzi, baada ya khitma ya baba yake, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Muhsina alikuwa akiosha masinia. Akausikia mngurumo karakanani, uani.

"Mota haikuwa na waya hata mmoja," anasema. "Lakini kamba ilikuwa imekaza, na gunia linapanda. Linachuruzika maji. Nikaogopa, wallahi. Likafika juu, nikasema kama baba: 'Karibu juu.' Sikujua ninamkaribisha yupi."

Tunawapa pole Muhsina na jamaa wote wa Chande, na wa Menza pia. Mola awarehemu.

Nawe msikilizaji, kabla hujamwambia mtu nguvu ni ileile, nyamaza kidogo, usikilize. Kuna mtu chini.