Wigo Tuliopanda na Enoka

Sogeeni wanangu, sogeeni mnisikie wakati sauti ingali yangu. Florian, mbona unasimama mlangoni kama mgambo? Kaa chini. Getruda, niinulie huo mto, mama. Na wewe Nyangi, mke wangu, endelea kuchambua dagaa wako, maana haya unayajua yote, na nikikosea unikosoe kama ulivyozoea.

Mimi Masatu ninaondoka nimeshiba. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka naye anifuate, mtumbwi na nyavu ni vya Florian, na ng'ombe walioko Butiama kwa wajomba zenu ni wa Getruda, asije mtu akamwambia mtoto wa kike harithi. Hayo ni mepesi. Neno zito ni kile kipande cha bustani kule ukingoni mwa ziwa, na wigo wake.

Maana nimesikia, Florian. Mgonjwa analala, masikio hayalali. Umemwambia dada yako kwamba nikishazikwa utang'oa minyaa yote uweke seng'enge, kwa kuwa siku hizi ni ruksa, maduka ya Mwisenge yamejaa, na ukinyoosha mstari utajipatia hatua kadhaa upande wa mama Wankyo, mjane asiye na wa kumsemea. Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao.

Wigo ule hukuuona ukipandwa, ulikuwa jeshini. Miaka ile baada ya vita duka la ushirika lilikuwaga na rafu na mwuzaji tu. Sabuni tulipangaga foleni tangu alfajiri, sembuse seng'enge! Tawi la chama likagawa vipande vya bustani, kila kaya chake, nikapanda nyanya na mchicha, na mbuzi wa Enoka, marehemu mume wa Wankyo, wakawa ndio wavunaji. Nikamwendea, akacheka: "Masatu, mbuzi hajasoma, mpaka ataujuaje?" Basi mimi mvuvi nikafanya la kivuvi, nikachukua wavu mkuukuu wa sato nikauzungushia bustani yote. Asubuhi nikakuta nimevua mbuzi jike mwenye mimba, amejinyonga. Mtaa wetu wa Makoko ulichafuka! Enoka alikuja na panga, mimi nikashika kasia, na kama mama yenu asingesimama katikati na mwiko wake wa ugali, leo mngekuwa mnasimuliwa haya na mtu mwingine.

Wazee wakatuketisha, wala hawakumtoza mtu faini. Walisema kosa letu ni moja, hatuna wigo, basi twende tukaupande pamoja: Enoka alete minyaa, mimi nichimbe mashimo, na atakayeonekana anapanda peke yake ndiye mwenye hatia. Tukapanda, tumenuniana, hakuna anayemsemesha mwenzake. Minyaa ilikatwa na kupandwa siku hiyohiyo, nami kila jioni nikaimwagilia kwa ndoo, maana mvuvi anadhani kila chenye uhai kinataka maji. Ikaoza yote. Ikabidi tuanze upya, na safari hii tukaulizana imekuwaje, tukalaumiana, mwisho tukacheka. Ndipo mama yenu, binti wa wafugaji, akafungua kinywa: "Minyaa ukishaikata unailaza kivulini mpaka kidonda kikauke. Halafu maji usiipe." Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akanijibu, "Mlikuwa hamjazungumza bado."

Nyangi, unacheka nini? Nimekosea?

Kidole kimoja hakivunji chawa, Florian. Wigo ule ni wa watu wawili, na mmoja keshatangulia. Punguza matawi, ziba palipokufa, uangalie utomvu usikuingie machoni, lakini usiung'oe, wala usiufunge ule uwazi anaopita Wankyo kwenda kuchota maji. Seng'enge utainunua na kutu itaila. Jirani hauzwi Mwisenge.

Getruda, maji... Asante, mama. Pumzi inakuwa fupi.

Kaburi langu msilijengee saruji. Mkate minyaa kwenye wigo uleule, muilaze kivulini, ikikauka mnizungushie. Mashimo achimbe Florian. Na wa kushika minyaa na kuipanda awe Wankyo... wewe Florian na yeye, asiwasaidie mtu. Na mzungumze. Umesikia?

Sema, nisikie kwa masikio yangu.

Haya. Nimekusikia, Florian baba. Umenipa usingizi.

Mungu awabariki, wanangu. Mle mshibe, na jirani ashibe, na mbuzi wa watu... wapite mbali. Nyangi, weka dagaa chini, nipe huo mkono, hata kama unanuka. Na msinililie sana pale kaburini... mtaiozesha minyaa.