Bi. Nta Anaondoka na Michezo Yake Kichwani

Ndugu wafanyakazi na wazazi, nawasihi: karatasi hii isomwe kimya kimya, kisha ifichwe. Mhusika ametangaza kwamba akisikia hata fununu ya kuagwa, atapitia mlango wa nyuma na hatutamwona tena. Nami namjua, hatanii.

Ijumaa, tarehe ishirini na nane, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo vya watoto anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Watoto humwita Bi. Nta, kwa kuwa tiba yake huanza kwa kuchovya vidole vilivyovimba kwenye nta ya uvuguvugu. Dawa za baridi yabisi huwaachia madaktari. Yeye ana nta, bwawa la maji ya moto kiasi, na mikono yake.

Alianzia katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Bwawa alilidai miaka sita, hadi mganga mkuu wa wakati huo akasalimu amri: "Mpeni mama huyu maji yake, nami nipumzike."

Mwaka jana mimi, karani mgeni wa masjala, niliwapangia watoto wake wote saa moja asubuhi ili wawahi shule. Walikuja wamebebwa, viungo vimekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikangoja kufokewa. Akanichovya mkono kwenye nta, akasubiri igande. "Haya, kunja ngumi, mwanangu." Ikanishinda. "Ndivyo wanavyoamka. Wapangie saa nne." Hajaligusia tena, ila tukikutana huniita Bwana Saa Moja.

Mrithi wake, kijana mpole na msomi, amekabidhiwa daftari lenye kila zoezi. Wiki iliyopita alilifuata neno kwa neno kwa binti wa fundi cherehani, mwenye miaka sita, ambaye goti lake la kushoto limeanza juzijuzi tu kupanda ngazi. Binti akalikaza, akalia. Bi. Nta akainama, akamnong'oneza kitu, goti likakunjika. Kijana akauliza amemwambia nini.

"Ah, upuuzi wa bibi na mjukuu. Huo hauandikwi."

Lakini Jumatatu goti hilo litakuwa mikononi mwa kijana, na likikaa mwezi bila kukunjwa, ngazi zitamshinda binti tena. Mama yake amembembeleza aseme. Binti anadai ni siri yao wawili.

Ndiyo maana tunakusanya michezo ambayo Bi. Nta huwanong'oneza watoto ili wakunje viungo, tumpe kijana. Wazazi wameshaleta tisa: vidole vinavyopiga hodi ukutani, kiganja kinachomimina chai ya mwanasesere, kisigino kinachozima moto ndani ya maji. Wa goti bado.

Bi. Nta, utakapoisoma hii tutakuwa tumeshakuaga, kwa hiyo tusamehe. Asante kwa miaka yote uliyokaa sakafuni ili macho yako yalingane na yao. Uamke kila siku na viungo vyepesi, na usiamke mapema.

Mwenye mchezo wa goti aje masjala, dirisha la tatu, kati ya saa nne na saa sita, Bi. Nta akiwa bwawani. Asipige simu, maana Bi. Nta hupenda kuipokea mwenyewe. Ukikuta foleni, sema tu umeleta habari za goti, watakupisha.